Magoti Mbele ya Simu

Mimi Veneranda wa Ipuli, hapa Tabora, mdomo wangu hauna breki, mtaa mzima unajua, na wanangu wamechoka kunisihi nipunguze. Lakini leo sina ugomvi na mtu. Leo nina shukrani, na shukrani zenyewe ni za mwanamke mmoja wa Ndola, huko Zambia, ambaye sijawahi kumshika mkono na huenda nisimshike mpaka naingia kaburini. Nikisali rozari jioni namtaja yeye kwanza, wanangu baadaye. Wakinuna, shauri yao.

Sasa nianze mwanzo, maana nikianzia katikati Mwanajuma atasema nazeeka. Mwanajuma ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, mtu wa mjini hasa, yeye na msikiti wake na mimi na kanisa langu, na tumechambana miaka yote hii bila kuchokana.

Kitinda mimba wangu, Adriano, alipata kazi Ndola kwenye kampuni ya asali. Asali anaijua tangu hajaota meno yote, baba yake alikuwa na mizinga msituni kule Sikonge, kwa hiyo sikushangaa walipomchukua. Akaondoka katikati ya mwaka. Akamwacha hapa kwangu mke wake Flavia na watoto wawili wa kike: Josepha wa miaka saba, aliyekuwa darasa la pili, na Mektilda wa miaka minne, ambaye ni mtundu mpaka kuku wangu wanamkimbia. Mpango ulikuwa wamfuate Januari shule zikifunguliwa. Ofisi yake ilikubali kutoa nyumba na nauli, ila kwa sharti moja: mtoto aliyefikia umri wa kusoma awe amekubaliwa shule kule kabla hajaondoka. Asiye na shule abaki kwanza.

Nilicheka niliposikia. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, akarudi na vitambaa na mke, na hakuna mtu njiani aliyemuuliza kama anajua kuhesabu mpaka mia. Sisi Wanyamwezi kusafiri ni kazi yetu. Leo mtoto wa miaka saba hawezi kuvuka Tunduma mpaka ahojiwe! Nikamwambia Flavia, haya, dunia yenu hii, mtaijua wenyewe.

Flavia ni mkwe mzuri. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanielewa vibaya mbele ya safari. Ni mchapakazi, anajua kupika mlenda kuliko binti zangu mwenyewe, na ana hasira fupi kama mimi. Hapo ndipo tulipokuwa tunagongana.

Kitu kingine lazima mkijue. Kwangu mtoto wa kike anasalimia kwa magoti. Hilo sina mjadala nalo, nilifundishwa na mama yangu, naye kafundishwa na mama yake. Mtoto anashuka chini, anainamisha macho, anasema shikamoo, na hainuki mpaka mkubwa aitikie marahaba. Mkubwa akichelewa, anangoja. Mkubwa akiwa na tonge mdomoni, anangoja limezwe. Mektilda bado alikuwa hataki, yeye akiona mgeni anatoa ulimi. Lakini Josepha! Mwenzangu, mtoto yule akishuka chini kusalimia, hata mtu aliyekuja kwangu kutafuta ugomvi alikuwa anatulia. Mwanajuma alikuwa anajifanya hajasikia, ili tu amwone akingoja pale chini, halafu anaitikia huku anacheka. Mimi Josepha namwita mke mwenzangu, maana marehemu babu yake alikuwa akimwita mke mdogo, na kila asubuhi tunagombania mume ambaye keshakufa. Ananiambia, "Mke mkubwa, leo zamu yako kufagia." Basi nafagia.

Adriano akazunguka Ndola kutafuta shule. Ya kwanza aliyoipenda ilikuwa kubwa, ya kimataifa, ina bwawa la kuogelea na bendera za nchi ambazo mimi sijui kama zipo. Wakasema wanataka kuwaona watoto kwa video. Flavia akahangaika wiki nzima. Akamfundisha Josepha kutaja jina na umri kwa Kiingereza, akamshonea gauni la njano, akatafuta mahali penye mtandao ndani ya nyumba, na mahali penyewe palikuwa sebuleni, karibu na dirisha la upande wa Mwanajuma. Akaweka simu mezani, akaiegemeza kwenye chupa ya chai. Mbele yake kigoda. Shule ikasema wazazi wasiwepo, ati wazazi huwajibia watoto, kwa hiyo kule Adriano akawaachia walimu simu yake akatolewa nje ya ofisi, na huku Flavia akasimama uani akitafuna kucha.

Alianza Mektilda. Akapanda kigodani, akatoa ulimi, akaimba wimbo wa kanisani akaukatiza katikati, akawaonyesha kidonda cha goti. Wakamkubali palepale darasa la chekechea. Wakasema mtoto mchangamfu.

Akaingia Josepha. Mimi nilikuwa jikoni, na nakiri nilichungulia kwenye pazia. Nilimwona mtoto akiitazama simu, akaona wazungu wawili, watu wazima, ndani yake, akateremka kigodani taratibu, akapiga magoti sakafuni, akainamisha macho. "Shikamooni," akasema. Akangoja. Nilisikia simu inaongea Kiingereza, naye anajibu palepale chini kwa sauti ndogo ya adabu, halafu anangoja tena. Moyo wangu ulijaa. Nikasema, huyo ndiye mke mwenzangu, huyo ndiye wa kuipeleka Ipuli Zambia! Nikarudi kwenye mchicha wangu nikiwa nimeridhika kabisa.

Jioni Adriano akapiga. Sauti imekwisha. Josepha amekataliwa. Walimu wamesema mtoto hajawa tayari, arudi kujaribu mwakani.

"Hajawa tayari kwa nini?" Flavia akauliza.

"Wanasema hawakumwona. Walikuwa wanaona kigoda na pazia tu. Wanamwita, anajibu kutoka anakokujua yeye, hapandi."

Halafu nikasikia kicheko upande wa pili wa ukuta. Mwanajuma, masikio yake ni kama ya paka. Na mimi nikaanza kucheka, sikuweza kujizuia, ile picha ya wazungu wawili na kigoda changu kikuukuu wakitazamana!

Flavia hakucheka. Akanigeukia, machozi yamemlenga. "Haya magoti yako, mama," akasema. "Haya magoti yako yamemkosesha mtoto shule."

Kicheko kikanikatika. Nilitaka kumjibu, na mnajua ninavyojibu. Lakini nikajizuia. Nikaenda nje kufungia kuku ambao nilikuwa nimeshawafungia.

Shule ya pili ilijaa. Ya tatu ilikuwa mbali na nyumba ya kampuni, mtoto angeamka na majogoo. Desemba ikaingia. Flavia na Adriano wakazungumza kwenye simu kwa muda mrefu, halafu Flavia akaja kukaa kwenye mkeka kando ya kiti changu, akiwa amevaa upole ambao si wake. Akaniambia wameamua. Yeye na Mektilda wataondoka Januari. Josepha atabaki na mimi mpaka mwaka mwingine.

Sasa hapa nitasema kweli, maana padri ameshaisikia na Mungu anaijua. Nilifurahi. Furaha ilinipanda mpaka kooni. Nyumba ile wakiondoka wote ningebaki na nani? Na kuku? Nilijifanya kusikitika, nikasema pole, mwanangu, tutafanyaje. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaanza kupanga kitanda chake kikae wapi, na nani atanisomea gazeti la kanisa, na tutapika nini Jumapili.

Furaha yangu haikumaliza wiki.

Mwanajuma ndiye aliyekuja kunishtaki. "Veneranda," akasema, amesimama mlangoni, mkono kiunoni, "mjukuu wako kafanya nini leo? Nimekutana naye dukani, kanikodolea macho hivi, kasimama wima kama askari, kaniambia 'Shikamoo' kwa sauti ya kukusanya watu, akapita zake! Hata kuitikia sijaitikia!"

Sikuamini. Nikamwita Josepha. Akaja, akasimama mbele yangu, kidevu juu, macho makavu yameniganda usoni. Mtoto ambaye tangu ajue kutembea hajawahi kunitazama hivyo.

"Umekuwaje?" nikamuuliza. "Nani kakufundisha utovu huo?"

"Najifunza, bibi."

"Unajifunza nini?"

"Kutopiga magoti." Midomo ikaanza kumcheza, lakini macho hakuyashusha, alikuwa anayalazimisha. "Nikizoea, watanichukua? Bibi, nikiacha kabisa kusalimia, nitaenda kwa baba?"

Jamani.

Nilikaa kwenye kiti changu. Mimi nilikuwa napanga kitanda, na mtoto kwa upande wake alikuwa anakitupa kimoja kimoja kila kitu nilichompa, ili tu apate kumwona baba yake. Tena alikuwa anakitupa mtaani, mbele za watu, na aibu yake anaimeza. Nilimvuta mapajani, akalia, na mimi nikalia, na Mwanajuma pale mlangoni akasahau alichokuja kushtaki, akaanza kutafuta upande wa mtandio afute macho.

Usiku huohuo nilimwambia Flavia, "Mpigie mumeo. Atafute shule nyingine."

"Mama, tumeshatafuta."

"Atafute tena! Ndola nzima ina shule tatu? Mwambie mama yake kasema. Mwambie kama hana muda, nitapanda basi nije kuitafuta mwenyewe, na mdomo huu huu."

Flavia alinitazama. Nadhani alijua. Yeye naye si mjinga, alikuwa ameniona ninavyotembea kwa wepesi siku zile. Alinishika bega tu, akaenda kupiga simu.

Adriano akapata. Shule ndogo ya kanisa, haina bwawa, madarasa machache yaliyopakwa chokaa, lakini iko karibu na nyumba ya kampuni na walimu wake wanajulikana kwa kufundisha. Nafasi ilikuwa moja, na mwalimu mkuu alitaka amwone mtoto kabla ya kuitoa. Mama mtu mzima, Mwalimu Bwalya. Alikubali baba awepo ofisini atafsiri. Akasema na nyumbani anayetaka kukaa akae.

Mara hii mazoezi niliyasimamia mimi. Niliitoa picha ya harusi yangu kwenye fremu, nikajitia uso mle ndani, nikakaa upande wa pili wa meza.

"Mimi ni Mwalimu wa Ndola," nikasema. "Habari yako, mtoto?"

Josepha akabana magoti yake kwa mikono yote miwili ili yasishuke. "Nzuri, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Nitazame. Usinitazame kama unataka kunipiga! Nitazame kama unaitazama sufuria ya wali."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu mambo yaharibike. Tukafanya hivyo kila siku baada ya chakula, mimi na fremu yangu, na Mektilda chini ya meza akijifanya mbwa wa shule. Nilimwambia Josepha, "Kwa mwalimu wa simu, utakaa kigodani. Simu haina macho ya chini. Kwa wakubwa wa hapa, magoti yako palepale. Hujaacha kitu, unasikia? Umeweka tu pembeni." Lakini mwenyewe nilikuwa naona uchungu, siwafichi. Kumfundisha mtoto kusalimia ilinichukua miaka. Kumfundisha kukaa nikamaliza kwa siku chache.

Siku ikafika. Gauni la njano, chupa ya chai, kigoda. Flavia nyuma ya simu, mimi kwenye kiti changu cha kamba pembeni, nimeshika rozari mfukoni. Simu ikalia. Akatokea Adriano, kavaa tai, jasho jembamba. Josepha akasema "Baba!" kabla hajaulizwa kitu. Halafu baba akasogea, akatokea Mwalimu Bwalya.

Nikajua tumekwisha.

Maana hakuwa kama wale wa kwanza. Alikuwa bibi. Kichwani kitambaa, mvi zimechungulia pembeni, miwani imeshuka puani, na uso wake, ningemkuta sokoni Tabora ningemuuliza ukoo wake. Akatabasamu, akasema kitu kwa Kiingereza polepole. Josepha akajibu jina lake. Akajibu na umri. Alikuwa amejikaza, mikono imebana magoti, nikaona vidole vinapauka. Bwalya akavua miwani ili amwone vizuri, akasema neno la kwao, la salamu, kwa ile sauti ya wazee ambayo ni moja dunia nzima.

Magoti yakamshinda mtoto. Niliona. Yalimponyoka kama sahani yenye sabuni. Mara yuko kigodani, mara yuko sakafuni, kichwa kimeinama, anasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, bibi." Hata mwalimu hakusema. Bibi!

Kwenye simu kikabaki kigoda na pazia.

Flavia akajishika kichwa. Akainama kumshika Josepha mkono amwinue, na mtoto akakaza mwili, hakuinuka, kwa sababu hajaitikiwa. Macho yamemtoka kwa hofu, anajua ameharibu, analia bila sauti, lakini hainuki. Nilitaka kuitikia mimi nimwokoe. Lakini salamu haikuwa yangu.

Kule Bwalya akauliza, nasi tukamsikia Adriano akitafsiri kwa haraka: "Anauliza mtoto kaenda wapi."

Nikapaza sauti. Hakuna aliyeniruhusu. "Mwambie yuko chini! Mwambie kapiga magoti, anamsalimia, na hawezi kuinuka mpaka aitikiwe! Mwambie ukweli, Adriano, usimtungie!"

Adriano akasema kwa Kiingereza. Yule mama akauliza kitu kifupi.

"Anauliza anaitikiwaje."

"Marahaba!" tukasema mimi na Flavia kwa pamoja, na nyuma ya ukuta Mwanajuma naye akasema, "Marahaba!"

Kule simu ikaanza kuyumba. Tukaona dari. Tukaona feni. Tukaona ukingo wa meza, halafu mguu wa meza, halafu soli ya kiatu cha mwanangu. Nikadhani Adriano kaangusha simu kwa hofu. Kisha picha ikatulia, na mle ndani alikuwa Mwalimu Bwalya, ameketi sakafuni kwenye ofisi yake mwenyewe, sketi ameikunja vizuri chini ya magoti, miwani mkononi, anahema kidogo maana naye si msichana.

"Marahaba," akasema. Alilitamka kwa shida, kwa ulimi wa kwao, akalitamka tena ili alipatie. "Marahaba, mwana."

Flavia akaitoa simu mezani, akaiweka sakafuni, akaiegemeza kwenye mguu wa kigoda. Basi wakaonana. Josepha akainua uso. Hakuna aliyemwambia ainue, na hayakuwa yale macho makavu ya mazoezi, yalikuwa macho yake.

Usaili ulifanyika hapohapo chini. Akasoma, akahesabu, akachora mzinga wa nyuki wa babu yake na kumweleza mwalimu nyuki wanaingilia wapi na mtu anapuliza moshi upande gani. Kiingereza kikimpungukia, baba yake anaongezea. Mwishowe Bwalya akauliza nani alimfundisha kusalimia. Josepha akaninyooshea kidole.

"Anasema uje, mama," Adriano akasema. "Anataka kukuona."

Mimi goti langu la kulia lilishastaafu. Sakafuni nilikuwa sijakaa kwa muda mrefu, hata kanisani huwa naegemea. Lakini mwanamke yule kashuka, mimi nani? Flavia akanishika huku, Josepha akanishika kule, nikashuka kwa vilio vyangu vyote. Tukatazamana, bibi wa Ndola na bibi wa Ipuli, kila mmoja na sakafu yake, mimi nikiwa na unga kwenye khanga maana nilikuwa nachekecha kabla ya hapo.

Akapiga makofi mawili ya taratibu, viganja vimekunjwa, kama wanavyofanya kwao wakimheshimu mtu. Akasema, na Adriano akatafsiri, na ninamjua mwanangu, sauti yake ilikuwa imelowa: "Mama, na kwetu tunapiga magoti. Mama yangu alinifundisha hivyohivyo. Hapa shuleni wapo watoto wanaofanya hivyo, na wapo wasiofanya, na wote ni wangu. Huyu msimbadilishe. Mleteni kama alivyo. Kama mtu atahitaji kushuka ili wasalimiane, nitashuka mimi."

Nilijaribu kusema asante. Mimi, Veneranda, nikakosa neno! Mwanajuma kule nyuma ya ukuta akasema kwa sauti, "Leo breki zimeshika," na tukacheka wote, hata Bwalya bila kuelewa.

Kumwinua mtu wa umri wangu kutoka sakafuni ni shughuli, na wakati Flavia ananiinua alinikumbatia, akaniambia sikioni, "Nisamehe, mama, kwa yale maneno." Nikamwambia maneno gani, mimi nimezeeka sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka vizuri. Lakini siku ile nilikuwa na furaha mpaka sikutaka kumdai mtu kitu, na palepale ndani ya furaha moyo ulikuwa unaniuma, maana sasa wanaondoka wote. Vyote viwili vilikaa pamoja, wala havikugombana.

Januari ikafika haraka, kama kila jambo usilolitaka. Nikawafungia michembe, vile viazi vikavu vya njiani, nikawafungia asali, kana kwamba Adriano hafanyi kazi kwenye asali. Basi la Mbeya linaondoka alfajiri. Asubuhi ile ilikuwa vurugu tupu: Mektilda kapoteza kiatu, Flavia anatafuta paspoti ambazo zilikuwa mkononi mwake, dereva wa bajaji anapiga honi, Mwanajuma kaja na maandazi na machozi. Tukafika stendi tukikimbia. Mizigo ikaingizwa, watoto wakapandishwa, nikawabusu kupitia dirishani, konda akapiga bodi ya basi kwa kiganja. Twende.

Basi likaanza kunguruma. Halafu nikasikia sauti ya Josepha ndani, kali, yenye amri, sijui kaitoa wapi: "Simamisha! Sijamwamkia bibi!"

Kweli. Katika zile pilikapilika hakuna mtu aliyesalimiana na mtu.

Konda akafungua mlango akilalamika. Josepha akateremka, gauni la njano, soksi mpya. Akaja mpaka mbele yangu, pale kwenye vumbi na maganda ya karanga, abiria wote wamechungulia. Akapiga magoti. Akainamisha macho.

"Shikamoo, bibi."

Nikamtazama utosini, nywele alizosukwa na mama yake jana yake, mistari imenyooka. Dereva akapiga honi. Konda akasema, "Bibi, tuwahi barabara." Flavia alikuwa mlangoni, amejiziba mdomo. Na mimi nikanyamaza. Maana nilikuwa najua, na mtoto alikuwa anajua: mpaka niitikie, hainuki. Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukosa jibu tangu nizaliwe, nikaufunga. Nikambakisha pale kidogo. Angekaa mpaka jioni yule, namfahamu, magoti vumbini, basi likimngoja, kwa ajili yangu tu.

Nikamkumbuka yule mama wa Ndola akishuka kwenye kiti chake.

"Marahaba, mke mwenzangu," nikasema. "Inuka. Baba yako anakungoja."